Njia ya Ndani ya Nyumba Haina Ushuru

Jioni moja tuliwatembelea rafiki zetu, tukawakuta wamekaa sebuleni katika hali iliyotustaajabisha. Ukutani palikuwa na televisheni kubwa, nayo ilikuwa imezimwa. Mezani palikuwa na kompyuta ya zamani, ile ambayo wengi wetu huiita ordinateri, nayo ilikuwa ikiwaka bila mtu kuitazama. Watoto watatu walikuwa wameinama, kila mmoja juu ya simu yake. Na nyanya yao, mwanamke wa miaka mingi, alikuwa amepewa simu ya nne ili atazame sinema ya harusi ya mjukuu wake mkubwa. Aliisogeza simu karibu na macho, akaipeleka mbali, akaigeuza upande, halafu akamrudishia mwenyewe.

«Mjukuu wangu,» akasema, «ngoma naisikia, bali watu siwaoni. Wamekuwa wadogo kama siafu.»

Punde mtoto mmoja akalia: «Baba, mega zimekwisha!» Baba akatia mkono mfukoni, akamtazama mama, naye mama akatazama chini. Juma lile walikuwa wamekwisha kununua mega mara mbili.

Tuliuliza neno moja tu: «Na sinema hiyo ya harusi, asili yake iko wapi?» Wakajibu: «Imo katika kompyuta ile pale. Aliyeipiga alituletea kwa fulashi. Baadaye tuliipeleka kwenye intaneti ili kila mtu aione katika simu yake.»

Wasomaji wapenzi, fikirini jambo hilo. Sinema ilikuwamo chumbani mle mle, hatua 4 kutoka kwenye televisheni. Lakini ili ionekane ilipelekwa ng'ambo, ikawekwa katika ghala la watu wengine, kisha ikanunuliwa upya mara nne ili irudi katika chumba ilimotoka. Ni kama mtu mwenye kisima uani, apelekaye maji yake sokoni asubuhi na kuyanunua tena jioni ili apike.

Tufanye hesabu. Tuseme sinema ile ni ya saa 2, nayo ina uzito wa gigabaiti 2. Kuipeleka kwenye intaneti kulikula gigabaiti 2. Kuitazama katika simu nne ni gigabaiti 8. Jumla ni gigabaiti 10. Hata kama simu zilipokea picha iliyopunguzwa nusu, bado ni gigabaiti 6 zilizolipiwa kwa sababu ya kitu kilichokuwa tayari nyumbani. Je, kulikuwa na njia nyingine? Ndiyo, tena njia isiyodai hata senti moja ya mega. Njia hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo.

Barabara kuu na njia za uani

Watu wengi huchanganya mambo mawili, Wi-Fi na intaneti. Mega zikiisha husema: «Wi-Fi imekufa.» Kumbe haikufa.

Tutazame kisanduku kile chenye antena na taa ndogo, ambacho mafundi hukiita ruta. Kina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuulinda mlango wa nje, yaani kuiunganisha nyumba na intaneti, ile barabara kuu ipitayo katika nchi zote. Mlango huo ndio unaolipiwa ushuru: ukinunua mega hufunguliwa, mega zikiisha hufungwa. Kazi ya pili ni kuviunganisha vyombo vya ndani: kompyuta na simu, simu na televisheni, televisheni na kompyuta. Ruta hukipa kila chombo namba yake, kwa mfano 192.168.1.5, kama nyumba za mtaa zinavyopewa namba, na chombo kimoja kikituma ujumbe kwa kingine huufikisha.

Namba hizo zianzazo na 192.168 zilitengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani tu. Katika barabara kuu ya intaneti hazitambuliwi. Nyumba yangu yaweza kuwa na namba ile ile iliyo nyumbani kwako, wala hatugongani, kwa sababu kila mmoja wetu yuko uani mwake. Basi kompyuta ikiituma picha kwa televisheni ndani ya ua huo, picha haipiti mlango wa nje. Hakuna anayeihesabu, wala hakuna anayeitoza ushuru.

Asiye na ruta asikate tamaa. Simu nyingi za leo zaweza kufanya kazi hiyo: mtu huifungulia wenzake Wi-Fi ya simu yake, nao kompyuta na televisheni huungana nayo, hata kama simu yenyewe haina mega.

Wanafunzi wa Châtenay-Malabry

Habari ya kupeleka picha katika mtandao wa mahali pamoja ina historia nzuri, na yafaa wanafunzi waisome, kwa maana iliandikwa na wanafunzi wenzao.

Kusini mwa jiji la Paris, mahali paitwapo Châtenay-Malabry, palikuwa na chuo kikubwa cha wahandisi, École Centrale Paris. Wanafunzi waliishi palepale chuoni, na mambo mengi ya makazi yao waliyaendesha wenyewe. Hata mtandao uliounganisha kompyuta za vyumbani ulikuwa mikononi mwao. Lakini mtandao ule ulikuwa wa namna ya zamani. Kompyuta zilipokezana zamu, mfano wa wazee barazani wanaopokezana fimbo: asiyeshika fimbo hasemi. Kwa barua na maandishi ilitosha. Kwa mambo makubwa zaidi, na tusiwasingizie, kwa michezo ya kompyuta pia, ilikuwa polepole mno.

Wanafunzi wakataka mtandao mpya, nao mtandao mpya huhitaji fedha. Wakaiendea kampuni kubwa ya Ufaransa iitwayo Bouygues. Hapo ndipo lilipozuka wazo la televisheni. Siku zile televisheni ya satelaiti ilikuwa ikienea. Je, kila mwanafunzi afunge sahani yake ya antena juu ya paa, na kununua kisanduku chake cha kufasiri mawimbi? Je, haingekuwa nafuu kuweka sahani moja kwa wote, kisha kuzigawa picha vyumbani kwa njia ya mtandao wa ndani, na kompyuta ya kila mmoja iwe ndiyo televisheni yake?

Mwaka 1996 kazi ikaanza, ikapewa jina la VideoLAN. Herufi zile tatu, LAN, ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mtandao wa mahali pamoja. Mwaka 1998 wanafunzi wengine wakaiandika programu upya tangu mwanzo. Upande wa kutuma palikuwa na programu ya ghala, iliyoitwa VLS. Upande wa kupokea palikuwa na programu ya mteja, iliyoitwa VLC. Tarehe 1 Februari mwaka 2001, uongozi wa chuo ulikubali programu hizo zitolewe bure kwa ulimwengu wote, pamoja na maandishi ya ndani ambayo fundi yeyote aweza kuyasoma na kuyasahihisha.

Msomaji ambaye amewahi kuona katika kompyuta alama ya koni ya rangi ya machungwa, kama zile zinazowekwa barabarani penye matengenezo, basi ameiona kazi ya wanafunzi hao. Koni zile walikuwa wakizikusanya chuoni, wakazifanya alama yao. Tangu 2009 kazi iko mikononi mwa chama kisicho cha faida. Kiongozi wake, Jean-Baptiste Kempf, ameeleza hadharani kwamba alizikataa fedha nyingi za watu waliotaka kutia matangazo ndani ya programu. Mwaka 2018 nchi yake ilimtunukia nishani ya Ordre national du Mérite. Na mwanzoni mwa 2025 chama kilitangaza kwamba VLC imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 6.

Tunawaomba wasomaji washike jambo moja katika habari hii. Kitu hicho kinachojulikana duniani kote kilianza kwa swali la uani: kilichofika mahali petu mara moja, tukigawane namna gani sisi kwa sisi bila kukilipia kila mtu peke yake? Swali hilo ndilo la nyumba ya rafiki zetu.

Mzigo mkubwa katika mfuko mdogo

Labda mtu atauliza: picha zinazotembea zapitaje hewani bila kusongamana? Jibu lake ni zuri, hata kwa asiyependa hesabu.

Picha moja ya televisheni ya kisasa yaweza kuwa na nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, jumla nukta 2,073,600. Kila nukta huhitaji baiti 3 ili rangi yake ijulikane, hivyo picha moja ni baiti 6,220,800. Nasi huhitaji picha 25 kwa sekunde ili macho yaone mwendo usiokatika. Basi kila sekunde ni megabaiti 155 na zaidi. Sinema ya saa 2 ingefika karibu gigabaiti 1,120. Hakuna fulashi ya kawaida ambayo ingeibeba.

Mafundi walifanyaje? Walitambua kwamba picha ya sasa hufanana sana na ile iliyotangulia. Mwazieni ng'ombe anayepita mbele ya kilima. Kilima hakiendi, mbingu hazibadiliki, ni ng'ombe tu anayesogea. Kwa nini kukichora kilima upya mara 25 kwa sekunde? Basi hutumwa picha moja kamili, kisha hutumwa mabadiliko tu: «ng'ombe amesogea kidogo kushoto.» Baada ya muda hutumwa tena picha kamili, ili makosa yasilimbikizane. Kwa ufundi huo pamoja na mingine, mzigo ule wa gigabaiti 1,120 waweza kuingia katika gigabaiti 2, yaani chini ya sehemu moja katika 500.

Kuna jambo la pili. Televisheni haingoji sinema yote ifike ndipo ianze. Hupokea kidogo, huweka akiba ndogo, huanza kuonyesha, huku sehemu inayofuata ikiwa njiani. Kazi hiyo huitwa kutiririsha, na jina lafaa, kwani ni mfano wa maji ya bomba yanayopita katika pipa dogo. Bomba likiziba kwa sekunde chache, pipa bado lina maji, na mtazamaji hajui kitu. Bomba likiziba kwa muda mrefu, pipa hukauka, na picha husimama.

Sinema yetu ya gigabaiti 2 kwa saa 2 huhitaji megabiti 2 na kidogo tu kwa sekunde. Nayo Wi-Fi ya namna iliyotoka mwaka 2003 huandikiwa megabiti 54 kwa sekunde. Hata tukikubali kwamba katika nyumba halisi haifikii nusu ya hiyo, bado njia ni pana kuliko mzigo. Ndiyo sababu ruta ya zamani, ambayo baba alitaka kuitupa, yaweza bado kuwa na faida.

Njia nne, kila mtu achague yake

Njia ya kwanza ni fulashi. Televisheni nyingi zina tundu la USB ubavuni. Unainakili sinema katika fulashi, unaichomeka, unaichagua kwa rimoti. Hapa hakuna mtandao wowote. Jihadharini na jambo moja: fulashi nyingi hupangwa kwa mtindo wa kale uitwao FAT32, nao haupokei faili moja izidiyo gigabaiti 4.

Njia ya pili ni waya wa HDMI. Kanuni zake za kwanza zilitolewa mwishoni mwa 2002 na kampuni saba zilizokubaliana, tangu hapo tundu lake limeenea katika televisheni na kompyuta nyingi. Waya mmoja hubeba picha na sauti pamoja. Kompyuta za kale zenye tundu la VGA hutoa picha tu, nayo sauti huhitaji waya wake. Ubaya wa njia hii ni kwamba kompyuta lazima ikae karibu na televisheni, na watoto wanaokimbia hujikwaa. Uzuri wake ni kwamba haishindwi upesi. Anayeanza, aanze hapa.

Njia ya tatu ni kuifanya kompyuta iwe ghala la nyumba. Mwaka 2003 watengenezaji wa vyombo mbalimbali waliungana ili televisheni ya kampuni moja iweze kusema na kompyuta ya kampuni nyingine. Lugha yao ya pamoja ilijulikana kwa jina la DLNA. Chama chenyewe kilifungwa mwaka 2017, lakini televisheni nyingi bado zaifahamu lugha hiyo. Ghala, yaani programu iliyo ndani ya kompyuta, hutangaza ndani ya mtandao kama mchuuzi sokoni: «Nipo hapa, nina sinema, nina nyimbo, nina picha.» Televisheni husikia, huonyesha jina la ghala hilo, nawe huchagua kwa rimoti. Programu za ghala ni nyingi. Mojawapo iliyo ya bure ni Jellyfin, iliyoanza mwaka 2018. Hiyo hupanga sinema kwa majina na picha, na simu za nyumbani nazo zaweza kuifungua. Na kama televisheni yako inapokea programu mpya, VLC yenyewe yaweza kukaa ndani yake na kulitafuta ghala.

Njia ya nne ni kijiti kinachochomekwa nyuma ya televisheni. Kilichojulikana kuliko vyote ni Chromecast ya Google, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013 kwa dola 35, na ikaacha kutengenezwa mwaka 2024. Vilivyokwisha kuuzwa vingalimo majumbani. Tangu Februari 2018 VLC ya kompyuta yaweza kukitumia kijiti hicho, hata ile programu iliyoanza kwa kuzileta picha kwenye kompyuta sasa yaweza kuzitoa humo na kuzipeleka kwenye televisheni. Lakini lazima tuseme kweli: vijiti vya namna hiyo hutaka intaneti wakati wa kutayarishwa, na mara nyingi hutaka kidogo tena wakati wa kuanza, ijapokuwa sinema yenyewe hutoka katika kompyuta yako. Mwenye shida ya mega afadhali achague mojawapo ya njia tatu za kwanza.

Penye kukwama

Jioni ile tulijaribu njia ya tatu pamoja na mtoto wa pili, mwanafunzi wa sekondari, nasi tukakwama mara tatu. Twayaeleza ili wengine wasihangaike kama sisi.

Mara ya kwanza televisheni haikuliona ghala kabisa. Tulitafuta kosa katika kila kona. Mwishowe kijana akagundua kwamba kompyuta ilikuwa imeungana na ruta, lakini televisheni ilikuwa imeungana na simu ya mama. Walikuwa katika nyua mbili tofauti. Vyombo vyote lazima viwe katika mtandao mmoja.

Mara ya pili sinema ilianza, kisha ikasimama, ikaanza, ikasimama. Ruta ilikuwa chumba cha pili, nyuma ya kuta mbili za matofali na kabati la chuma. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri kuliko ile ya gigahezi 5, lakini hupita katika masafa yanayotumiwa na vyombo vingine vingi, hata tanuri ya mikrowevu. Ile ya gigahezi 5 ina nafasi zaidi, bali ukuta huichosha upesi. Tukaihamishia ruta sebuleni, juu ya kabati, ugonjwa ukaisha. Pale ambapo haiwezekani, waya wa mtandao kutoka kompyuta hadi ruta huondoa nusu ya taabu.

Mara ya tatu tulijaribu sinema nyingine, televisheni ikaandika kwamba haiifahamu. Hapo sababu ilikuwa namna sinema ilivyofungwa. Mafundi wana mitindo mingi ya kuufunga ule mzigo, na televisheni ya zamani haikufundishwa mitindo iliyokuja baada yake. Programu ya ghala yaweza kuifungua sinema na kuifunga upya kwa mtindo wa zamani wakati huohuo inapotazamwa, lakini kazi hiyo huchosha kompyuta dhaifu mpaka ipige kelele. Ni afadhali kuigeuza sinema mapema, usiku mmoja, kisha kuihifadhi katika mtindo ambao televisheni yenu inaujua.

Tuongeze jambo dogo la nne. Kompyuta nyingi zimewekewa amri ya kulala zisipoguswa. Ghala likilala, sinema hukatika. Badilisheni amri hiyo kabla ya kuanza.

Nani atachagua?

Hadi hapa tumesema juu ya fedha. Lakini iko faida nyingine, nayo labda ni kubwa kuliko ya fedha.

Anayetazama picha kwa njia ya intaneti, kila mmoja katika simu yake, huwa na msaidizi asiyeonekana anayemchagulia kinachofuata. Kipindi kimoja kikiisha, kingine huanza chenyewe. Baba hajui mtoto ameona nini, wala mtoto hajui baba amecheka nini. Ghala la nyumbani halina msaidizi wa namna hiyo. Ndani yake mmo kile tu mlichokiweka: harusi ya dada, ubatizo wa mtoto, masomo ya hesabu, sinema mliyoinunua. Likiisha, limekwisha, na watu huenda kulala. Na kwa kuwa kioo ni kimoja, lazima kusemezana: «Leo tutazame nini?» Mdogo ataomba, mkubwa atakataa, mama ataamua. Kusemezana huko ni sehemu ya malezi.

Lakini ghala huwa jema kwa kadiri ya mwenye kulijaza. Tusijidanganye kwamba kitu kisichodai mega hakina mwenyewe. Sinema na nyimbo zina watu waliozitolea jasho, na kuzinakili bila ruhusa yao ni kuwanyang'anya ujira wao. Nyumbani mwetu tuweke vitu vyetu wenyewe, vitu tulivyonunua, na vile ambavyo wenyewe wamevitoa bure.

Tena tulifunge ghala vema. Wi-Fi iwe na neno la siri, wala si lile lililoandikwa chini ya ruta ambalo kila mgeni hulisoma. Programu ya ghala isifunguliwe kwa watu wa nje ikiwa hakuna haja. Picha za familia si za kutandazwa njiani. Na mwisho, sinema ya harusi isikae katika kompyuta moja tu. Kompyuta hufa bila kuaga. Wekeni nakala ya pili katika disiki nyingine, nayo iwe katika chumba kingine, au kwa ndugu mwaminifu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwahi kuona disiki ya kompyuta.

Jioni ile ilivyokwisha

Yalipokwisha kutengenezwa yote, ilikuwa yapata saa mbili ya usiku. Kijana akautoa waya wa intaneti nyuma ya ruta, mbele ya macho ya baba yake, ili aamini. Taa moja ikazimika. Kisha akaibonyeza rimoti, na sinema ya harusi ikaanza ukutani, kubwa, yenye rangi na sauti. Watoto wakaziweka simu chini bila kuamriwa.

Nyanya akavuta kiti chake mbele. Aliwataja watu kwa majina, mmoja mmoja, hata wale ambao wajukuu hawakuwajua, na kila jina likawa na hadithi yake: huyu alimlea baba yenu, yule alikuwa jirani yetu kule shambani. Ilipofika sehemu ya ngoma, akanyosha mkono.

«Simamisheni hapo,» akasema.

Kijana akaisimamisha. Kioo kikamwonyesha mwanamke mzee mwenye kitambaa cha rangi ya samawati, ameinua mkono mmoja juu, anacheza. Alikuwa dada yake nyanya. Alifariki miezi michache baada ya harusi, na katika kioo kidogo cha simu hakuna aliyekuwa amemtambua.

Nyanya akamtazama muda mrefu. Halafu akasema: «Aliniambia miguu inamuuma. Mtazameni!» Akacheka, akajifuta macho, akaomba sehemu ile ianzishwe upya. Waliitazama mara tatu.

Wasomaji wapenzi, labda nanyi mna kompyuta ya zamani kabatini, na ndani yake mna sinema ambayo wazee wa nyumba hawajaiona kwa sababu simu ni ndogo na mega ni ghali. Itafuteni Jumapili hii. Waulizeni wanafunzi wenu, nao wanafunzi wasione haya kuwauliza mafundi. Waya mmoja au ruta moja yaweza kutosha.